Sabuni ya Kiwandani na Sabuni ya Mikono Yetu: Tujue Kilichomo

Hotuba ya kikundi cha watengeneza sabuni wa kambi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Tunaishukuru pia nchi ya Tanzania na wenyeji wetu wa Kigoma, ambao mawese yao ndiyo tunayotumia katika kazi yetu.

Tumeombwa tuseme juu ya sabuni. Huenda wengine wakaona ni jambo dogo kwa siku kubwa kama ya leo. Lakini kila mmoja wenu anajua maneno yanayosemwa kwenye bomba la maji. Wapo wanaosema sabuni ya kikundi inaunguza mikono. Wapo wanaosema sabuni ya dukani imejaa kemikali, ya kwetu ni ya asili tupu. Na ndugu wa mashirika wanatuuliza: je, sabuni yenu ni salama? Leo tunataka kujibu wote watatu bila kuficha kitu, hata pale ambapo kosa lilikuwa letu.

SABUNI NI NINI?

Sabuni yoyote, ya kiwanda kikubwa au ya beseni letu, huzaliwa kwa vitu viwili: mafuta na kitu kikali kinachoitwa alkali. Kwa sabuni ngumu ya kipande, alkali hiyo ni kostiki soda. Mafuta yote, ya mawese, ya nazi, ya alizeti au ya ng'ombe, yameundwa kwa asidi za mafuta zilizoshikamana na gliserini. Kostiki ikichanganywa na mafuta huvunja mshikamano huo. Sodiamu iliyomo ndani ya kostiki huzishika asidi za mafuta, na hapo ndipo sabuni inapopatikana. Gliserini nayo hubaki huru. Mfaransa Michel Eugène Chevreul alieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1823, lakini wazee wetu walikuwa wakichuja majivu na kupika sabuni bila kukisoma.

Hapa tuelewane vizuri. Hakuna sabuni ya kweli iliyotengenezwa bila alkali. Anayekuambia sabuni yake haina kemikali kabisa, ama hajui ama anakudanganya. Hata maji ya majivu ni kemikali, na yakiwa makali huunguza. Lakini kama vipimo ni sahihi, kostiki yote hutumika. Inageuka sabuni, na haipo tena. Ndiyo maana huioni ikitajwa kwenye karatasi ya sabuni nyingi za dukani ingawa zote zilianza nayo.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama sabuni imetengenezwa kwa kostiki. Swali ni: je, ilipimwa?

KIWANDA KINAFANYA NINI?

Kiwanda huchemsha mafuta mengi pamoja na kostiki. Baadaye hutia maji ya chumvi, sabuni ikajitenga juu na gliserini ikabaki chini pamoja na maji. Gliserini hiyo husafishwa na kuuzwa kwa wanaotengeneza dawa na vipodozi, kwa sababu ina bei nzuri. Sabuni hukaushwa, hutiwa rangi na manukato, kisha hugandamizwa na mashine mpaka iwe ngumu na laini usoni.

Mafuta yenyewe mara nyingi ni yale yale tunayoyajua. Sisi tuliotoka Kongo tunayo historia hapo. Mwaka 1911 kampuni ya Waingereza ya Lever ilipewa na serikali ya Ubelgiji haki ya michikichi katika maeneo makubwa ya Kongo, ikajenga Leverville kando ya mto Kwilu, mahali panapoitwa leo Lusanga. Babu zetu walipanda michikichi na kukata mikungu, wengi wao kwa kazi ya shuruti, ili mafuta yakatengeneze sabuni Ulaya. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sabuni ni maarifa ya kigeni. Mafuta yake yalitoka mikononi mwetu.

TUSOME KARATASI YA SABUNI

Mama mmoja alituletea karatasi ya sabuni ya kuogea, akasema: "Someni haya majina, mtaogopa." Tulikaa na mwalimu wa sekondari tukayasoma moja moja. Kwa kawaida kitu kilichotiwa kwa wingi huandikwa kwanza. Haya ndiyo tuliyojifunza.

"Sodium palmate" ni mawese yaliyokwisha kugeuka sabuni. Tukitengeneza sabuni ya mawese hapa kambini, sisi pia tunatengeneza "sodium palmate". "Sodium palm kernelate" ni mafuta ya kokwa za mise, na "sodium cocoate" ni ya nazi. Hayo ndiyo yanayotoa povu jingi. "Sodium tallowate" ni mafuta ya ng'ombe au kondoo. Ndugu zetu Waislamu waangalie neno "sodium lardate", maana hayo ni mafuta ya nguruwe.

"Aqua" ni maji. "Sodium chloride" ni chumvi ya kawaida. "Glycerin" ni gliserini iliyobakizwa au kurudishwa. "Tetrasodium EDTA" huwekwa kidogo ili vyuma vilivyomo ndani ya maji visiharibu sabuni na kuifanya inuke. "CI" yenye namba mbele yake ni rangi. 77891 ni ile nyeupe. "Parfum" ni manukato. Neno hili ni moja, lakini ndani yake huweza kuwa na vitu vingi ambavyo havikutajwa. Mtu ambaye ngozi yake huwasha kila akibadili sabuni aanze kushuku hapo, kisha ajaribu sabuni isiyo na manukato.

Mnaona basi kwamba sehemu kubwa ya yale majina ya kutisha ni vitu vya jikoni vilivyovaa suti. Jina refu peke yake si sumu, na jina fupi peke yake si usalama.

Kuna mambo matatu ya kuangaliwa kwa makini.

La kwanza ni sabuni ya kufulia ya mche. Baadhi hutiwa silikati au udongo mweupe ili ipatikane kwa bei ndogo. Si haramu, lakini unalipia uzito usio sabuni. Sabuni nyingine huandikwa herufi TFM na namba. Hicho ni kipimo cha asidi za mafuta zilizomo katika kila sehemu mia. Namba ikiwa kubwa, sabuni ya kweli ni nyingi zaidi. Ile ya unga kwa kawaida si sabuni kwa maana tuliyoieleza. Ni kisafishio cha aina nyingine, kizuri kwa nguo hasa kwenye maji magumu, lakini si cha kuogeshea mtoto.

La pili ni sabuni zinazotangazwa kuwa zinaua vijidudu. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia dawa 19 zisitumike katika sabuni za kunawa za nyumbani, zikiwemo triklosani na triklokabani. Watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba sabuni hizo zinashinda sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu. Msione aibu kutumia sabuni ya kawaida.

La tatu ni zito zaidi: sabuni na krimu za kujichubua, ndugu wa ule mkorogo mnaoujua. Baadhi zina zebaki. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni vikome kufikia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kwamba vyote vyenye zebaki vikome kufikia 2025. Bado vinapitishwa kwa magendo. Ukiona "mercury", "mercuric iodide" au "calomel" kwenye karatasi, usinunue. Na sabuni inayoahidi weupe bila kuandika kilichomo ndani yake, iogope zaidi.

SABUNI YA MIKONO YETU, NA KOSA LETU

Sasa tuseme juu yetu wenyewe.

Sabuni yetu ina jambo moja zuri ambalo kiwanda hukiondoa: gliserini yote hubaki ndani. Kila kilo moja ya mawese hutoa karibu gramu 100 za gliserini, nayo huvuta unyevu na kuipendeza ngozi. Haina manukato wala rangi ya kutiwa. Ule unjano wake ni wa mawese yenyewe.

Lakini ina udhaifu wake. Haina mashine ya kuikausha, hivyo ikitumika mbichi huyeyuka haraka. Vipande havilingani sana. Na udhaifu mkubwa ni kwamba usalama wake wote unategemea mkono wa anayepima.

Katika mwaka wetu wa kwanza tulipata vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi iliyochakaa. Viliandikwa kwa mafuta ya nazi. Sisi hatukuwa na nazi, tulikuwa na mawese. Tukasema mafuta ni mafuta. Tukatia gramu 1,830 za kostiki kwenye kilo 10 za mawese. Nazi inahitaji kiasi hicho, lakini kilo 10 za mawese zinahitaji gramu 1,410 tu. Gramu 420 za kostiki zikabaki bila mafuta ya kuzishika, zimejificha ndani ya vipande vyeupe vizuri.

Tuliviuza na vingine tukagawa. Siku ya tatu mama mmoja alikuja na binti yake. Viganja vya binti vilikuwa vyekundu, ngozi imechanika kati ya vidole, hawezi kushika ndoo. Alikuwa amefua nguo za nyumba nzima kwa sabuni yetu. Yule mama hakupiga kelele. Aliweka kipande mezani akasema: "Ogeni nacho ninyi kwanza." Hatukuwa na jibu.

Tulipita nyumba kwa nyumba tukikusanya vile vipande na kurudisha fedha. Binti alitibiwa kwenye zahanati akapona. Lakini jina la sabuni ya kikundi lilikuwa limekwisha kuharibika, na hayo maneno ya kwenye bomba mnayoyasikia hadi leo yalianzia hapo. Hatuwalaumu wanaoyasema. Walisema kweli.

Fundi mmoja ndiye aliyetuonyesha kosa kwa hesabu. Tulivikwangua vipande vile, tukavipika tena pamoja na kilo tatu na nusu za mawese, kostiki iliyozidi ikapata mafuta ya kushika. Hatukuuza hata kimoja mpaka tulipokipima, na wa kwanza kuogea tulikuwa sisi. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.

VIPIMO NA SHERIA ZETU

Tunavisoma hapa hadharani ili kila mtu aweze kutukagua.

Kwa kilo 1 ya mawese tunatia gramu 134 za kostiki na gramu 330 za maji safi. Kiasi kamili cha kostiki kingekuwa gramu 141, lakini tunapunguza makusudi ili mafuta kidogo yabaki, kostiki isibaki. Kila aina ya mafuta ina namba yake: ng'ombe karibu 140, alizeti karibu 135, nazi karibu 183. Ukibadili mafuta, badili namba. Hatupimi kwa kopo wala kwa kikombe. Tunapima kwa mizani, maji pia.

Kostiki hutiwa kwenye maji, polepole, nje penye upepo. Kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa maana hulipuka na kumrukia mtu. Tunavaa glavu na miwani. Tunatumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mbao. Sufuria ya aluminiamu ni marufuku. Kostiki huila na kutoa hewa inayoweza kushika moto.

Tunakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji, tunamimina kwenye kalibu, tunakata siku inayofuata, kisha tunaacha vipande vikae wiki nne kwenye chanja penye hewa. Kilo 1 ya mawese hutupatia sabuni kavu ya kilo moja na robo hivi, au zaidi kidogo. Tunauza kwa uzito wa sabuni kavu, si mbichi, ili mtu asilipie maji.

Kila mkupuo una namba na tarehe. Kipande kimoja huyeyushwa kidogo na kupimwa kwa karatasi ya kupimia ukali. Sabuni nzuri kwa kawaida husoma 9 hadi 10. Ikipita hapo na kukaribia 11 au zaidi, haitoki.

Na kostiki hukaa kwenye chombo chake, kimefungwa kwa kufuli na kuandikwa. Tunawasihi wote: msiweke kostiki kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto huona kinywaji. Ikimrukia mtu, mwosheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, na jicho vivyo hivyo. Ikimezwa, msimtapishe, suuzeni mdomo na mkimbizeni hospitali papo hapo.

Wengine wanatuuliza kwa nini tusitumie magadi ya kupikia maharage, au majivu. Magadi ni alkali dhaifu, hayawezi kuyageuza vizuri mafuta ya kawaida kuwa sabuni. Majivu yanaweza, lakini hutoa sabuni laini, na nguvu yake hubadilika kila moto. Hayana namba tunayoweza kuiamini.

KWA NINI TUNAHANGAIKA?

Ndugu zetu, sabuni kambini si pambo. Katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, iliyokuwa na wakimbizi wa Msumbiji, watafiti walifuatilia kaya zilizogawiwa sabuni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba wakati sabuni ilipokuwepo nyumbani, vipindi vya kuharisha vilipungua kwa asilimia 27 kuliko wakati isipokuwepo. Haikuwa sabuni ya ajabu. Ilitosha kwamba ipo.

Mwongozo wa Sphere unaotumiwa na mashirika mengi unasema kila mtu apate kwa mwezi walau gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia. Familia ya watu sita inahitaji basi kilo 2 na gramu 700 kila mwezi. Kila mama aliyeketi hapa anajua mwezi unavyokuwa mrefu kuliko kipande. Hapo ndipo sabuni yetu inapotaka kusimama: si kuishinda ya kiwandani, ni kujaza pengo la wiki ya mwisho.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kwa wakazi wenzetu: sabuni ya dukani si adui, na ya kwetu si takatifu. Someni karatasi ya ile, na mtuulize vipimo vya hii. Ukinunua kipande chetu kisicho na namba, kirudishe. Kwa ndugu wa mashirika: hatuombi mtuamini kwa maneno. Njooni siku ya kukoroga, chukueni kipande chochote mkipime wenyewe. Tunachoomba ni mizani ya pili, glavu na karatasi za kupimia, maana mizani tuliyonayo ni moja, na siku itakapoharibika tutasimamisha kazi kuliko kurudi kwenye kopo.

Yule binti sasa ni mwanachama wa kikundi. Ndiye anayeshika mizani, na bila sahihi yake hakuna kostiki inayotiwa majini. Vipande vilivyopo kwenye meza pale mbele vimepita mikononi mwake. Namba imeandikwa chini ya kila kimoja. Karibuni mchukue, mnawe, mtuambie.